Jina Likishasomwa

Rita Hester aliuawa nyumbani kwake Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1998, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 35. Alikuwa mwanamke mweusi transjenda, yaani mtu aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa, akaishi kama mwanamke kwa jina hilo la Rita, mtaani kwake na jukwaani alikokuwa akitumbuiza. Baadhi ya magazeti ya mji huo yalipotoa habari za kifo chake yaliliweka jina lake ndani ya alama za mtajo. Mhakiki anayejali fani lazima asimame hapo. Alama hizo ndogo zinamwambia msomaji kwamba mwandishi analitaja jina kwa niaba ya wengine, na kwamba yeye mwenyewe halikubali. Aliyemuua hajapatikana mpaka leo, na waliomwandika walianza kwa kumnyima jina.

Siku chache baadaye watu walikusanyika na mishumaa, wakatembea mpaka kwenye jengo alilokuwa akiishi. Mama yake akapiga magoti mlangoni, akaanza Sala ya Bwana, na waliokuwapo wakaifuata pamoja naye. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kwa upande wa fani yake. Sala ya Bwana haina nafasi ya jina la marehemu. Haina hata kiwakilishi kimoja cha mwombaji wa peke yake: kila ombi lililomo linatoka kwa wengi na linaombwa kwa ajili ya wengi. Mtu akishaianza kwa sauti, aliye jirani ana mawili tu, anyamaze au aingie ndani ya “sisi” ya yule aliyeianza. Pale mlangoni walikuwapo watu wa kila aina, pengine wengine wao wameumizwa na makanisa, na mama mwenye uchungu akawaweka wote ndani ya “sisi” yake bila kumuuliza yeyote habari zake. Hotuba isingeweza kufanya hivyo, kwa sababu hotuba ina msemaji na wasikilizaji, na ukuta kati yao.

Mwaka uliofuata, 1999, Gwendolyn Ann Smith, mwanaharakati transjenda, alianzisha kumbukumbu ambayo sasa hufanyika kila tarehe 20 Novemba katika nchi nyingi. Kilichomsukuma ni usahaulifu. Alipozungumza na wenzake kuhusu Rita, aligundua kwamba hawakumkumbuka Chanelle Pickett, mwanamke mwingine transjenda aliyeuawa katika jimbo hilohilo la Massachusetts miaka mitatu tu kabla. Akaanza kuandika majina. Makanisa yaliyo tayari kuwapokea transjenda, kama yale ya Metropolitan Community yaliyoanzishwa na Troy Perry mwaka 1968, yaliichukua siku hiyo yakaifanya ibada, na muundo wake ukatulia: mshumaa, jina, umri, mji, tarehe, namna alivyouawa, kimya, jina linalofuata.

Muundo huo una nguvu, na nguvu yake ni ya takriri. Jina la kwanza unalisikia kama habari. Likifika la ishirini umeacha kuhesabu, na likifika la hamsini unaanza kuogopa kwamba halitakuwapo la mwisho. Shirika la TGEU la Ulaya, linalokusanya taarifa hizi duniani, liliorodhesha watu 350 waliouawa kati ya Oktoba 2023 na Septemba 2024, wengi wao Amerika ya Kusini na ya Kati. Kusoma majina 350 kwa utulivu kunachosha miguu ya msomaji na masikio ya waumini, na uchovu huo ni sehemu ya maana ya ibada. Ndani ya orodha huwamo pia walioandikwa kwamba jina halikujulikana. Msomaji mzuri hawaruki hao. Anatamka kwamba jina halijulikani, ananyamaza kwa muda uleule aliowapa wengine, kisha anaendelea.

Hata hivyo, fani hii ina dosari kubwa, na nadhani anayewapenda marehemu hawa anapaswa kuisema wazi. Orodha inahifadhi kifo. Mtu aliyeishi miaka thelathini na minne, akapika, akagombana na dada zake, akadaiwa kodi ya nyumba, akaimba kwaya, anabakiziwa mstari mmoja, na nusu ya mstari huo ni kazi ya muuaji: kisu, risasi, nyundo, petroli. Tukitoka ibadani tunajua alivyouawa kuliko tunavyomjua yeye. Muuaji amepewa kitenzi, marehemu amebaki na nomino.

Kwetu Afrika Mashariki orodha ina doa jingine tena. Oktoba 2010, gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilohusiana na lile la Marekani, lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga, likataka wanyongwe. Sura ya David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za watu hao, ilikuwa ukurasa wa mbele. Kato, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Julian Onziema, ambaye ni mwanamume transjenda, walilishtaki gazeti na Mahakama Kuu ikawapa haki tarehe 3 Januari 2011. Tarehe 26 mwezi huohuo Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa akipelekwa hospitali. Hapa Tanzania, Oktoba 2018, Paul Makonda, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wamtumie majina ya mashoga, na simu zikaanza kuingia. Serikali ilisema baadaye kwamba huo ulikuwa msimamo wake binafsi. Lakini waliokuwa na sababu ya kuogopa walikuwa wamekwisha kuogopa, na transjenda walikuwa miongoni mwao, kwa kuwa mtaani hakuna anayesimama kukuuliza tofauti.

Basi jina moja linaweza kuwekwa kwenye orodha mbili zinazofanana kabisa kwa umbo: jina, sura, mtaa anakoishi. Moja imeandikwa ili apatikane, nyingine ili asipotee. Ukizisoma kwa macho tu hutaona tofauti. Tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya jina kusomwa, na hapo ndipo jumuiya ya waumini inapohukumiwa.

Mazishi ya Kato, tarehe 28 Januari 2011 kijijini Nakawala, yanafaa kusomwa kama matini. Kato alikuwa shoga, si transjenda, lakini tukio hilo linaonyesha kuliko jingine lolote ninalolijua kinachoweza kumpata yeyote kati ya watu hawa mbele ya kaburi lake. Filamu ya Call Me Kuchu ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall, imeyahifadhi. Jeneza lipo, ndugu wapo, wanakijiji wapo, marafiki wamevaa fulana zenye picha yake. Mchungaji wa Kianglikana anashika kipaza sauti na kuanza kuwakemea marafiki wa marehemu, akitaja Sodoma na Gomora, akiwataka watubu.

Wengi wameyalaani maudhui ya mahubiri hayo. Mimi naona kosa lake lilianza kwenye fani. Ibada ya mazishi, katika kila dhehebu ninalolijua, imejengwa juu ya mtu mmoja anayeombewa. Sala zinamwelekea Mungu, na marehemu ndiye anayekabidhiwa. Wafiwa wanafarijiwa pembeni. Mchungaji yule aliuvunja mpango huo. Aliwageukia walio hai kwa kidole, na Kato, aliyekuwa amelala hatua chache kutoka pale, akageuzwa mfano wa kufundishia. Ibada haikuwa tena ya mazishi ingawa kaburi lilikuwa wazi, na ndiyo maana marafiki walisukumana naye wakamnyang'anya kipaza sauti. Waliidai ibada yenyewe. Walikuja kuzika wakakuta wanahukumiwa.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Wanakijiji waliokuwa upande wa mchungaji wakagoma kumzika. Marafiki wakalibeba jeneza wenyewe mpaka kaburini. Kwetu, anayebeba jeneza amekwisha kusema yeye ni nani kwa marehemu, na hakuna haja ya kutangazwa. Wale waliokuwa wanaitwa wageni na wapotoshaji wakafanya kazi ya ndugu. Kaburini akasimama Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa West Buganda, ambaye Kanisa la Uganda lilikuwa limemvua hadhi yake kwa sababu ya kuwahudumia watu hawa. Alifanya lile ambalo mchungaji wa zamu alipaswa kulifanya: aliomba, akabariki, akawafariji waliokuwa wanalia. Hakubuni ibada mpya. Aliirudisha ile ya zamani mahali pake, na kwa kuwa ilikuwa imeporwa muda mfupi tu kabla, kila tendo la kawaida lilionekana kubwa.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaofikiri kwamba kuwaenzi transjenda waliouawa kunahitaji liturujia ya pekee, yenye bendera na maneno mapya. Wenye kuitaka waifanye. Lakini heshima ninayoiona ni ya juu zaidi ni kumpa mtu huyu mazishi yaleyale wanayopewa jirani zake, bila kupunguza kitu.

Nayaandika haya nikiwa Singe, hapa mjini Babati, ambako fani ya mazishi tunaijua kuliko tunavyoijua riwaya. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimeazimwa, daftari la rambirambi liko mezani, jumuiya ndogondogo imegawana kazi ya kuni na maji. Saa ya ibada ikikaribia, mwanafamilia anasimama na karatasi iliyochapwa steshenari asubuhi hiyo, anasoma wasifu wa marehemu. Wasifu ni utanzu kamili. Una mpangilio ambao hakuna anayethubutu kuubadilisha: kuzaliwa, wazazi, elimu, ubatizo na kipaimara, kazi, ndoa, utumishi kanisani, ugonjwa na kifo, aliowaacha. Anayesoma mara nyingi hukwama kwenye kazi au kwenye utumishi, kwa sababu huko ndiko kuliko na kumbukumbu, na mtu wa pembeni humpokea karatasi amalizie.

Tazama nafasi ya kifo katika wasifu. Ni mistari miwili, mitatu ikizidi. Hata aliyeuawa na majambazi, hata aliyegongwa na lori barabara ya Singida, kifo chake hakipewi zaidi ya hapo. Ukurasa wote ni wa maisha yake. Orodha ya tarehe 20 Novemba ingeponywa dosari yake kama ingejifunza uwiano huo, kwamba muuaji apewe mistari miwili na ukurasa uliobaki apewe marehemu.

Ila wasifu nao una mlango, na mlango unalindwa na familia. Anayeuandika ndiye anayeamua marehemu alikuwa nani. Mtu aliyeishi Arusha miaka kumi kama mwanamke, akajulikana sokoni na kwa wapangaji wenzake kwa jina lake, anaweza kurudishwa kijijini akazikwa kwa suti ya kaka yake, chini ya msalaba wenye jina ambalo rafiki zake hawalijui. Karatasi itasomwa vizuri, watu watalia kwa dhati, na aliyezikwa kwa maneno atakuwa mtu mwingine. Rafiki anayejua ukweli yuko nyuma kwenye viti, na hatasimama kwenye salamu za rambirambi, kwa sababu akisimama watu watataka kujua yeye ni nani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha maisha, kinahusu tendo, lakini kivuli chake kinaangukia hata mdomo wa mfiwa. Ndivyo wasifu unavyobaki na pengo la miaka kumi kati ya “elimu” na “ugonjwa na kifo”. Katika wasifu wa transjenda, pengo hilo ndiyo sehemu ya kusoma kwa makini zaidi. Maisha yake yamo humo.

Kwa Waislamu hakuna wasifu wa namna hiyo katikati ya sala, na fani ya jeneza ni fupi mno: watu wamesimama, takbira nne, hakuna rukuu wala sijda. Lakini jinsia imo ndani ya umbo lenyewe. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi huku kwetu na pwani, imamu husimama kwenye kichwa cha maiti ya kiume na kwenye kiuno cha maiti ya kike, na dua ya Kiarabu hubadilisha viwakilishi. Mafakihi wa zamani walijiuliza itakuwaje kwa khuntha, mtu ambaye maumbile yake hayaonyeshi wazi kama ni mume au mke. Khuntha si sawa na transjenda, na sitaki kuwachanganya. Ninachokitazama ni namna swali lilivyoulizwa. Waliuliza nani amuoshe, aoshwe vipi ili sitara yake isivunjwe, imamu asimame wapi, na wakajibu kwamba asimame pale anaposimama kwa mwanamke. Swali lao lilikuwa mahali pa kusimama. Hawakuuliza kama asimame. Kwa anayesoma fani, hilo ni somo zito kutoka kwa watu ambao hakuna anayeweza kuwatuhumu kwa kufuata mambo ya kizungu.

Nimesema jumuiya inahukumiwa na kinachofuata baada ya jina. Hapo ndipo ibada ya mishumaa inapungukiwa kwa masikio yangu ya Babati. Baada ya kila jina huwa kuna kimya. Kimya kina heshima yake, lakini kwetu kimya baada ya jina kina maana mbaya pia: ni jibu la mtu aliyeulizwa kama anamfahamu fulani na hataki kusema. Majirani zetu Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka na walioketi humwitikia kipande kwa kipande. Mzee akiachwa bila kuitikiwa, slufay haiendi. Uzito wake umegawanywa kati ya koo moja na koo nyingi, na kila anayeitikia amebeba sehemu. Litania ya Watakatifu Wote inafanya kazi kwa mtindo huohuo, na kila Mkatoliki wa Jimbo la Mbulu anaijua kwa moyo: jina la kiongozi, jibu la wote, jina la kiongozi, jibu la wote. Orodha ya waliouawa ikiimbwa hivyo inaacha kuwa taarifa. Waumini hawawezi kukaa kama watazamaji wa msiba wa watu wengine, maana wasipoitika ibada inasimama na kila mtu anasikia kwamba imesimama.

Mfano wa watu kuishika fani wenyewe upo karibu. Jijini Nairobi, ambako kanisa la Cosmopolitan Affirming limekuwa likikusanyika tangu 2013, wakimbizi wa Uganda wa kundi la Nature Network, wakiwamo transjenda, walichukua kisa cha Danieli katika tundu la simba na kile cha mwanamke aliyeletwa kwa Yesu apigwe mawe, wakaviigiza upya kwa maisha yao. Kazi hiyo imeelezwa katika kitabu cha Sacred Queer Stories cha mwaka 2021. Jambo linalonigusa ni uteuzi wa visa hivyo. Katika Biblia yote, vilichaguliwa visa viwili ambamo watu wamekwisha kuamua mtu afe, na mtu huyo anatoka akiwa hai. Hawakuandika tanzia. Waliandika wasifu ambao kipengele cha kifo kimekataliwa mahali pake.

Kwa parokia ya hapa kwetu, nafasi iko kwenye kalenda na haihitaji kibali kipya. Novemba yote ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Tangu Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2, waumini hupeleka nia za misa, majina yameandikwa kwa kalamu juu ya bahasha, na kabla ya misa yanasomwa kama yalivyoandikwa: majina ya ukoo, ya ubatizo, ya utani, mara nyingine “Mama Fulani” tu. Msomaji haulizi cheti. Tarehe 20 imo ndani ya mwezi huo. Mama wa Singe aliyempoteza mwanawe mjini, na anayejua mwanawe alijiita nani katika miaka ile ambayo haikusomwa kwenye wasifu, anaweza kuliandika jina hilo juu ya bahasha kwa mkono wake, bila alama za mtajo, likasomwa kwa zamu yake kati ya babu wa mtu na shangazi wa mtu, na kanisa zima likaitika.